Nusu ya Pili ya Maneno ya Kogo

Jumatatu, 3 Machi

Tangazo kwa umma. Wakazi wote wa boma hili, wakiwemo ng'ombe wawili na paka, wanajulishwa kwamba tai yangu ya buluu imepatikana. Ilikuwa imefunga mlango wa banda la kuku. Aliyeifunga hapo hajajitokeza. Uchunguzi unaendelea, ingawa mke wangu Rael anacheka jikoni na sidhani nitahitaji mashahidi.

Tai ni ya Alhamisi. Kamati ya kukusanya maoni kuhusu marekebisho ya katiba inakuja Kapkatet, ukumbi wa kanisa, na chifu amenipendekeza niwe mkalimani. Kipsigis kwenda Kiswahili. Mimi, karani wa kupima majani chai, niliyeacha shule darasa la saba. Chifu alisema, "Karani, wewe unasoma magazeti hata yale ya kufungia nyama." Ni kweli. Huwa nayanyoosha kwanza.

Kituoni majani yalikuwa kidogo. Jua kali. Nimemrudishia mtu mmoja kikapu kwa sababu ya majani yaliyokomaa. Alinitukana kwa heshima.

Jumatano, 5 Machi

Nimemaliza kijitabu cha mapendekezo. Mengi yanahusu vyeo vya watu wa Nairobi, nani awe juu ya nani. Pendekezo moja tu linatuhusu sisi, la kumi na moja. Linasema urithi wa shamba la ukoo uamuliwe kwa mila za mahali. Katiba ya sasa inasema mtoto ni mtoto. Hili linasema tuulizane kwanza ni mtoto wa aina gani.

Nimewahi kusoma juu ya nchi nyingine. Chile waliandika katiba mpya, wananchi wakaikataa. Wakaandika nyingine, wakaikataa pia. Iceland waliulizwa maoni hadi kwa kompyuta, wakapiga kura ya kukubali, bunge likaiweka kabatini. Hapa kwetu mahakama iliwahi kusimamisha mambo na kusema wananchi hawakuhusishwa ipasavyo. Ndiyo maana kesho tunahusishwa. Kutakuwa na wali na nyama.

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. "Mheshimiwa mwenyekiti, mzungumzaji anasema..." Nina sauti nzuri. Niliipenda. Naandika hivyo kwa sababu hakuna atakayesoma.

Alhamisi, 6 Machi

Kikao kimefanyika. Ukumbi ulijaa, wengine wakasimama nje madirishani. Nilikaa kulia kwa mwenyekiti, mama mmoja wa Nairobi mwenye miwani ya kuning'inia. Kila mtu dakika mbili, na hizo dakika mbili ni pamoja na mimi. Mwandishi wao alikuwa na fomu za nakala mbili. Visanduku viwili: ANAUNGA MKONO, ANAPINGA. Cha tatu hakikuwepo.

Jirani yetu Joel alisema pendekezo la kumi na moja ni zuri. Alisema kwa Kiswahili, hakunihitaji. Mila irudi, mashamba ya ukoo yanaishia kwa wakwe. Wakapiga makofi wale wa kupiga makofi.

Kisha akasimama Kogo Taprandich. Kogo ndivyo tunavyowaita nyanya wa huku. Mjane wa miaka mingi. Ana mabinti wanne, hana mwana, na ana robo tatu ya ekari ya chai. Marehemu mumewe na babake Joel walizaliwa tumbo moja. Joel hupita kando ya chai hiyo kila asubuhi akiipima kwa macho.

Kogo alianza jinsi sisi huanza.

Mgeni hawezi kulijua hili. Huku kwetu mtu akitaka kukukatalia, huanza kwa kukubali. Anasalimu. Anashukuru. Anamsifu aliyezungumza kabla yake na kukubali alichosema, polepole, mpaka mwenyewe atulie kabisa. Ndipo anageuka. Kukataa kuanzia neno la kwanza ni kumvua mtu nguo mbele ya watu. Watoto wanalijua hili. Mimi nalijua kuwapita watoto.

Alikubali kwa dakika moja na nusu. Nami nikatafsiri. Anamsifu Joel. Anasema mila ni nzuri, mila ndiyo iliyomlea. Mwandishi akatia alama. ANAUNGA MKONO. Niliiona kalamu ikishuka. Mwenyekiti akatazama saa. Nyuma ya ukumbi sufuria zilikuwa zimefunuliwa.

Kogo akageuka. Alisema vizuri sana, vizuri kuliko mtu mwingine yeyote leo. Mwenyekiti akaniinamia. "Anasema nini?"

Nikasema, "Anaishukuru kamati kwa kufika."

Nyama sikula. Naenda kukamua.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda kikao cha Soin na kamati. Gari lao lina viti vya ngozi. Njiani mwenyekiti akaniambia Kiswahili changu ni safi, tena sipotezi muda. Hilo la pili limekaa tumboni kama ugali mbichi.

Huko joto, watu wana mengi. Nilitafsiri kila kitu. Nilitafsiri salamu, vikohozi, hata mzee mmoja aliyesema gari la kamati lingeweza kununua pampu tatu za maji. Mwenyekiti alichoka nami kufikia saa sita. Hajaniambia kuhusu kikao kingine.

Nilidhani nitalipia kosa la Kapkatet kwa watu wa Soin. Haifanyi kazi hivyo.

Jumapili, 9 Machi

Ukumbi uleule, leo una madhabahu. Kogo alikaa benchi la tatu. Tulipotoka alinisalimu kwa mikono miwili, akauliza kama ng'ombe wangu mwekundu amezaa.

Hakuna aliyesema lolote. Ukumbi mzima unajua Kipsigis. Wote walisikia alichosema yeye na nilichosema mimi. Hakuna aliyesimama. Nimejaribu kuwagawia aibu hii kila mtu kidogo. Walikuwa na njaa, walikuwa na adabu, walikuwa na wageni. Lakini kipaza sauti kilikuwa kimoja na nilikishika mimi.

Naandika hapa nusu ya pili ya maneno yake, ili angalau yawe mahali.

Alisema: Hiyo mila ninayoisifu, mume wangu alipokufa haikuja kuchuma chai. Ilikuja kuuliza shamba ni la nani. Miche niliipanda mimi na mabinti zangu, wa mwisho akiwa mgongoni. Nikifa nataka wachume walichopanda. Kama katiba ya sasa inawaita watoto, iacheni iendelee kuwaita watoto. Na Joel mwanangu asinikasirikie, chai kwangu atakunywa tu.

Kuna lingine. Alhamisi sikuliandika. Baada ya kikao alikuja mezani kutia kidole kwenye fomu. Nilimshika mkono mimi mwenyewe, nikakigusisha kidole kwenye wino, nakala ya kwanza, nakala ya pili. Akaniuliza, "Yote yameingia?"

Nikamwambia, "Yote, Kogo."

Jumanne, 18 Machi

Mvua imeanza. Majani yamejaa mpaka nje ya kituo. Lori la kiwanda lilikwama kwenye tope karibu na daraja na tukalingoja saa mbili.

Dereva ni Ouma, mtu wa ziwani, miaka kumi na tano huku na bado anaulizia samaki kwenye kila duka. Alifika amepaka tope hadi masikio.

"Mheshimiwa mkalimani," akasema. "Hebu nitafsirie tope hii inasema nini."

Nikacheka. Akaendelea bila kucheka.

"Huyo Joel yuko hapo hotelini anaonyesha watu karatasi. Ati mama mzee mwenyewe aliweka kidole, alikubali mambo ya shamba iende na mila. Anasema hata wewe ulikuwa."

Ni nakala ya pili. Kamati iliziacha nakala zote za pili kwa chifu. Joel ameomba ya Kogo na amepewa. Ameshapeleka ombi kwa chifu kwamba namba ya mkulima ya Kogo, ile tunayopimia majani yake hapa kituoni, iandikwe kwa jina lake yeye Joel. Kabla mama hajachoka zaidi, ndivyo alivyoandika. Chifu atawasikiliza tarehe kumi na tano mwezi ujao.

Nilipima vikapu vilivyobaki. Nilirudia kimoja mara tatu.

Alhamisi, 20 Machi

Nimekwenda kwa chifu kumwambia. Nimemkuta peke yake, hana haraka.

Rael aliniuliza niliporudi, "Umemwambia?"

"Nilianza."

"Ulianza na nini?"

"Na mbolea."

Alinipimia chakula kidogo kuliko kawaida.

Jumamosi, 29 Machi

Kogo ameleta majani mwenyewe, kilo kumi na moja, kila tawi majani mawili na kichipukizi, hakuna hata jani moja la kurudisha. Nilitaka lipatikane. Nilitaka tugombane juu ya kitu. Akachukua risiti yake, akaikunja mara nne, akasema kongoi, yaani asante, akaenda na mvua yake.

Joel alipita baadaye akiwa na mwavuli. Ananiita shahidi wake. "Shahidi wangu, habari ya nyumbani?" Jioni akatuma kibuyu cha mursik, maziwa ya kulala, yaliyopigwa mkaa vizuri, najua mkono wa mkewe. Rael hakukifungua. Alijifunga kanga, akakirudisha mwenyewe kwa miguu, nusu saa kwenda, nusu saa kurudi. Sikumuuliza alisema nini huko. Sikuwa na haki ya kuuliza.

Jumatatu, 14 Aprili

Kesho.

Naogopa. Simwogopi Joel. Naogopa mizani. Miaka ishirini na mbili watu wananiletea majani, naangalia sindano, nasema namba, wanaondoka. Wengi hawaangalii. Nikisimama kesho na kusema nilisikia hiki nikatamka kile, nani ataondoka tena bila kuangalia?

Nimewaza njia nyingine. Kuugua. Kusema sikumbuki. Kusema mwandishi wa kamati alikosea, naye yuko Nairobi, hatajua. Hiyo ya tatu niliizungusha kichwani muda mrefu. Ni nzuri. Inaingia kila mahali kama ufunguo. Ndiyo iliyonitisha zaidi.

Jumanne, 15 Aprili

Barazani kwa chifu, benchi mbili, mvua ya rasharasha. Joel na kaka zake wawili. Kogo na binti yake mkubwa. Majirani kama thelathini waliokuja kwa sababu mvua haikuwaruhusu kuchuma.

Chifu akaisoma fomu kwa sauti. Akauliza, "Karani, hii fomu unaijua?"

Nikasimama. Nilikuwa nimejipanga. Neno lilikuwa moja tu, lilikuwa tayari.

Na mdomo ukaanza jinsi ulivyolelewa.

Nilimsalimu chifu. Niliwashukuru wote kwa kuacha kazi zao. Nilimsifu Joel kwa kuujali ukoo, nikasema kijana anayefuatilia mambo ya wazee wake hapatikani siku hizi. Nikasema ndiyo, fomu ni ile yenyewe. Alama ni ya kamati. Kidole ni cha Kogo, nilikishika mwenyewe. Nilikuwa nafika pale pa kugeuka. Niliona kona ile kabisa, mbele yangu.

Chifu akapiga meza. "Basi, imetosha. Karani amethibitisha." Akaanza kuandika. Joel akawa anaikunja karatasi.

Nilisimama mdomo wazi kama ng'ombe aliyenyimwa chumvi.

Kisha nikasikia Kiswahili. "Chifu, mwache amalize. Huyo bado hajafika."

Alikuwa Kogo. Kiswahili cha kambi za chai, kilichonyooka, chenye ladha kidogo ya Kisii na kidogo ya ziwani. Maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akisema Kiswahili. Kabla ya kuolewa alichuma miaka tisa kwenye mashamba makubwa, kambi ya watu wa kila kabila. Nilijua alichuma huko. Sikuwahi kuwaza walikuwa wanazungumza nini.

Basi siku ile alinisikia. Neno kwa neno. Akaja mezani, akaniuliza kama yote yameingia, akaningojea. Nikamwambia yote.

Nikamaliza. Sikumsifu mtu. Nikasema, "Alipinga. Mimi ndiye niliyesema anaunga. Alipogeuka nilinyamaza, kwa sababu mwenyekiti alikuwa anatazama saa na chakula kilikuwa tayari." Mtu akacheka aliposikia chakula, akanyamazishwa. Nikasema nusu ya pili yote, kwanza kwa Kipsigis, kisha kwa Kiswahili. Nilikuwa nimeiandika, kwa hiyo sikukosea.

Joel alinitazama. "Karani, si ungekuja nyumbani uniambie kwanza? Mwezi mzima?"

Alikuwa na haki hapo.

Chifu alisema namba ya chai haihamishwi kwa fomu ya maoni ya katiba, iwe imetiwa alama wapi. Ibaki ilipo, kwa jina lilipo, na mwenye neno zaidi aende mahakamani. Akanigeukia mimi. Niende Kericho nikasahihishe rekodi, kwa maandishi, kwa jina langu kamili.

Nje nilimsindikiza Kogo hadi barabarani. Nikamuuliza kwa nini alisema Kipsigis siku ile na Kiswahili anacho.

"Walisema kila mtu atumie lugha yake," akasema. "Nikataka kuona kama ni kweli."

Na kwa nini alinyamaza?

"Wewe ni mtu mzima. Nikunyang'anye hicho kitu mkononi mbele ya wageni?"

Binti yake hakunisalimu. Ni sawa.

Jumatano, 16 Aprili

Leo kila mtu ameinama kuangalia sindano. Kila mmoja. Hata shemeji yangu. Hata mama mmoja asiyeona vizuri aliinama, akakaza macho, akasema, "Kumi na nne?" Nikasema kumi na nne. Akamuuliza wa nyuma yake. Wa nyuma yake akasema kumi na nne.

Foleni ilichukua mara mbili ya muda wa kawaida. Ouma alipiga honi. Nilimwambia asubiri, watu wanahusishwa.

Hakucheka. Akasema, "Karani, huyo mama alikuwa kambi moja na mamangu mdogo. Walikuwa wanagombania bomba la maji kwa Kiswahili hadi wasimamizi wanakuja kusikiliza. Kwani ungeniuliza?"

Singemuuliza. Sikuwa nimejua kwamba kuna la kuuliza.

Jumapili, 27 Aprili

Barua imeandikwa mara nne. Ya kwanza ilianza kwa kuisifu kamati. Nikaichana. Ya pili ilinieleza mimi zaidi ya Kogo. Ya tatu ilikuwa na neno "bahati mbaya". Rael aliisoma, akaweka kidole kwenye neno hilo, akaendelea kupepeta mahindi.

Ya nne ina mistari tisa. Jina langu, kitambulisho changu, nilichofanya, maneno yake yote. Nikamsomea Kogo nyumbani kwake kwa Kiswahili. Alisahihisha mahali pamoja. Nilikuwa nimeandika miche aliipanda na mabinti zake. Akasema niongeze kwamba mashimo walichimba wao pia, maana kuna watu huchimbiwa.

Joel alikuwepo. Amekuja kunywa chai. Alinisogezea kigoda kwa mguu, bila kunitazama.

Ijumaa, 2 Mei

Kericho. Mvua ilianza nilipofika mjini na kuacha nilipopata mahali pa kujikinga. Ofisi ya kamati iko ghorofa ya pili. Niliketi kwenye benchi tangu saa tatu. Mbele yangu palikuwa na mtu wa cheti cha kuzaliwa aliyekuwa amepanda ghorofa isiyo yake.

Afisa ni mama mpole mwenye mafua. Aliisoma barua yangu mara mbili. Hakucheka wala hakukunja uso. Aliipiga muhuri, akanipa nakala, akaitafuta faili yenyewe kwenye rafu, akaifungua ili aibane ndani. Akakaa kidogo akisoma karatasi ya juu. Kisha akaigeuza ili nami nisome.

Pendekezo la kumi na moja lilikuwa limeondolewa wiki mbili kabla ya kamati kuja Kapkatet.